Niliganda ndani ya daladala, na sasa mama hataki nijifunze kujitetea

Assalamu alaykum somo,

Mimi ni msichana wa miaka 21, mwenyeji wa Wete, Pemba. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja na nakaa dakhalia. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la saba. Tangu hapo aliyetulea ni mama, kwa mikarafuu michache ya urithi na kwa cherehani yake. Kaka yangu anauza vifaa vya simu mjini. Nayaeleza haya ujue kwamba sina ugomvi na watu wangu. Mama nampenda, na hakuna ninachokiogopa kuliko kumuudhi.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa natoka mjini narudi chuoni, Magharibi imeshapita. Nilipanda daladala ile ya mabenchi yanayotazamana. Tulipofika Mwanakwerekwe ilijaa mpaka watu wakasimama wameinama. Pembeni yangu alikaa mwanamme wa makamo, kanzu na kofia, ukimtazama ni mtu wa heshima zake. Alinisalimu, nikamwitikia. Karibu na Jumbi nikahisi mkono juu ya paja langu. Mwanzo nikadhani ni msongamano tu. Kisha mkono ule ukaanza kutembea. Mkoba wangu nilikuwa nimeupakata, na yeye alipitisha mkono chini yake ili watu wasione.

Somo, sikusema kitu. Hata kuusogeza mguu sikuusogeza. Mbele yangu palikuwa na bolti yenye kutu kwenye chuma cha dirisha, nikaikodolea macho ile bolti mpaka Tunguu. Nikashuka, nikatoa nauli, nikamwambia utingo ahsante. Ahsante! Hilo ndilo linalonirudia usiku.

Sikumwambia mtu. Nilijiuliza nimefanya nini. Nilivaa buibui, nilijisitiri, sikucheka na mtu.

Mwezi uliopita chuoni kwetu pakatangazwa mafunzo ya kujitetea na kujiamini kwa wanafunzi wa kike. Jumamosi sita, muda wa saa mbili kila Jumamosi, mwalimu mwanamke, bila ya malipo. Nikaandikisha jina siku ile ile. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili mwenzetu mmoja alitupiga video tukipiga mateke ule mto wa mazoezi, akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Sijui ilifikaje kwa kaka, lakini ilifika. Jioni mama akanipigia: "Nimekupeleka kusoma au kupigana? Mtoto wa kike anarusha miguu mbele ya watu, nani atakuja kukuposa?" Kaka naye akasema mafunzo haya ni ya Kizungu, yanawatia wanawake kiburi, na msichana aliyetulia hahitaji kujua ngumi. Mama amenikataza kurudi. Jumamosi iliyopita sikwenda, nikajifunika shuka nikalia.

Kuna jambo jengine ambalo hata mwalimu wa mafunzo sikumwambia. Ikiwa nitajifunza yote haya, kisha siku moja nikaganda tena, si itakuwa kosa langu zaidi? Sasa angalau naweza kusema sikujua.

Na la mwisho. Skuli niliyosoma Wete ina wasichana wanaotembea masafa marefu asubuhi bado kiza. Nilikuwa nimepanga kuwapelekea mafunzo haya wakati wa likizo. Sasa nitawafundisha nini watoto wa watu, na mimi mwenyewe nilishindwa kusema "toa mkono wako"?

Ninaye mama mdogo Fuoni, lakini naye nimeona haya kumwambia. Nishauri kama mwanao.

Niliyeganda, Tunguu

*

Waalaykumu ssalam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, peke yangu, na nilipofika pale pa kumwambia utingo ahsante ilinibidi niiweke chini. Kwa hiyo nitaanzia hapo. Ya mama na ya kaka yatakuja.

Umekulia Pemba, bila shaka umewahi kuona mwewe akipita juu ya uwanja wenye kuku. Mama kuku anatoa mlio mmoja, na vifaranga wote wanalala chini kimya, hakuna anayetikisa bawa. Hakuna aliyewafundisha. Mwili wa mwanadamu nao una jambo hilo hilo ndani yake. Ukishtuliwa na hatari unaweza kukimbia, unaweza kupigana, na unaweza kuganda, na katika dakika ile akili haiulizwi inataka kipi. Koo linakaza, miguu inakuwa mizito, macho yanashika kitu kimoja. Wewe yalishika bolti. Niliozungumza nao miaka hii yote, mmoja alishika saa ya ukutani, mwengine aliyahesabu maua ya pazia. Wanaotibu watu waliodhalilishwa wanaijua hali hii vizuri sana na wanaikuta kila siku. Kuganda hakuna maana ya kukubali, na mtu asikwambie vyengine, hata awe nani.

Na ile ahsante? Hiyo ni adabu uliyolelewa nayo. Mdomo wako umekuwa ukisema ahsante tangu una miaka mitatu, na siku ile akili ilikuwa haipo, mdomo ukafanya unachokijua. Hukumshukuru yule mwanamme. Naomba hili ulirejee kila usiku linapokujia, mpaka lichoke kukujia.

Sasa mtazame yeye. Alikusalimu kwanza. Alikaa akangoja gari ijae. Alipitisha mkono chini ya mkoba ili watu wasione, maana yake alijua vyema kwamba anachofanya hakifai kuonwa. Mtu huyu alipiga hesabu, na katika hesabu yake kitu kikubwa kilikuwa muhali, ile haya yetu ya kuogopa kumvunjia mtu heshima. Alijua msichana wa Kizanzibari, mwenye buibui lake, hatampigia kelele mzee wa kanzu na kofia mbele ya gari nzima. Muhali wetu ndio aliokuja nao mfukoni kama nauli.

Mimi muhali siuchukii wote. Ndio unaotufanya tusimwangushe jirani na tusimtolee mgeni maneno makali. Lakini katika mambo haya unatumaliza. Mtoto anaharibiwa na ami yake, wakubwa wanakaa barazani wanasema yamalizwe nyumbani. Kesi inafika mahkamani, shahidi haonekani kwa sababu anayeshtakiwa ni mume wa dada yake. Tangu 2021 Zanzibar ina mahkama maalum ya kesi za udhalilishaji, na ni hatua kubwa, lakini hakimu hawezi kuhukumu kwa ushahidi uliobaki moyoni mwa mtu.

Ndiyo maana ninayathamini mafunzo uliyoyaanza, na ndiyo maana nasikitika kwamba kilichomfikia mama yako ni lile teke.

Mwaka juzi nilialikwa kukaa kutazama mafunzo ya namna hiyo katika ukumbi wa skuli moja ya mjini. Wasichana wa kidato cha tatu, kama thelathini hivi, viatu wameacha mlangoni. Mwalimu aliwaambia waseme neno moja tu: "Sitaki." Basi! Walicheka, wakajificha nyuma ya mitandio, wengine walisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwalimu hakuwagombeza. Akawaambia wasimame miguu wazi kidogo, waweke kiganja tumboni, kisha wamwite mwenzao kama vile yuko kwenye mwani, maji yamekupwa, na upepo unavuma. Wote wanajua kuita hivyo. Ukumbi ukajaa majina. "Sasa kwa sauti hiyo hiyo," akasema, "mwambie sitaki." Palikuwa na mmoja mdogo wa umbo, amekaa nyuma muda wote. Neno lilimtoka kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akageuka kutazama nani aliyepiga kelele.

Saa nzima ya mwanzo ilikwenda kwenye sauti, macho na namna ya kusimama. Baadaye wakajifunza kupima masafa kati yao na mtu, kuona mlango uko wapi, kutofautisha anayekukaribia kwa kheri na anayekujaribu kidogo kidogo aone utafika wapi naye. Kupiga kulikuja mwisho, na kulikuwa kuchache: kisigino cha kiganja puani, goti kinenani, kutoka kwenye mkono ulioshikwa kwa kuuzungushia upande wa kidole gumba, kwa sababu hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Mwalimu alirudia mpaka nikaikariri mimi niliyekaa kwenye kiti: unapiga upate nafasi ya kukimbia, ukishaipata unakimbia.

Je, yanasaidia kweli? Swali hili ni la haki. Jibu lililo bora kati ya ninayoyajua linatoka Kanada. Mwaka 2015 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Charlene Senn wa Chuo Kikuu cha Windsor. Wasichana 893 wa mwaka wa kwanza, kutoka vyuo vikuu vitatu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mafunzo ya saa 12, jengine lilipewa vipeperushi vya kusoma. Baada ya mwaka mmoja, katika kila wasichana 100 waliopewa vipeperushi, karibu 10 walikuwa wamebakwa. Kwa waliopata mafunzo ilikuwa kama 5. Saa 12 tu, mwanangu. Jumamosi zako sita za saa mbili mbili zinafika hapo hapo.

Kilichonishughulisha zaidi katika mafunzo yale ya Kanada ni kwamba yalilenga mtu unayemjua: mwenzako wa darasa, rafiki wa kaka, mchumba. Yana hatua tatu: kuipima hali, kukiri kwamba hii ni hatari, kisha kutenda. Ile ya katikati ndiyo ngumu. Unamjua, umekula naye, wazazi wenu wanajuana, na moyo unakataa kuamini kwamba huyu ndiye anayekufanyia hivi, na unaona vibaya kumvunjia heshima. Wao hawana neno la muhali, lakini jambo lenyewe wanalo kama sisi.

Hapa ndipo penye swali lako lililonigusa kuliko yote, kwamba ukijifunza kisha ukaganda tena kosa litakuwa lako. Hapana. Umeona kwamba hata waliojifunza, wapo waliobakwa. Hao walikosa nini? Aliyekosa ni aliyewabaka. Kujua kuogelea hakumfanyi mtu awe na hatia chombo kikizama. Na mafunzo mazuri yanalisema hili siku ya kwanza. Katika utafiti ule ule, waliofundishwa walipungukiwa na ile tabia ya kumtupia lawama mwanamke aliyefanyiwa. Mwalimu wako kama hajalisema, muombe aliseme mbele ya wote, kwa sababu nina hakika hukuwa peke yako mle ukumbini mwenye bolti yake. Ingelikuwa mwalimu anawaambia kwamba anayejua hadhuriki, ningekuwa wa kwanza kukwambia uondoke.

Kwa gari za Tunguu, kwa kuwa bado unazipanda, nakupa ninayowapa wanangu. Ukihisi mkono, anza na pumzi. Itoe yote. Tikisa vidole vya miguu ndani ya kiatu, maana aliyeganda huanza kufunguka na kitu kidogo. Kisha litaje tendo, kwa sauti ya mwani: "Toa mkono wako kwenye paja langu!" Usianze na samahani. Usiseme "wewe vipi" pekee, kwa sababu gari haitajua kuna nini na yeye atajifanya hajui. Ukishalitaja, watu wote wanageuka, na anayeona haya anakuwa yeye. Mwambie utingo asimamishe gari. Sauti ikikataa kutoka, inuka, gonga bodi, uangushe mkoba, lolote litakalomtoa kwenye siri yake. Sogea akina mama walipo. Nimeshuhudia kinamama wa Mwanakwerekwe wakimshusha mtu garini kwa maneno tu, hakupigwa hata kofi.

Alilokufanyia ni kosa la jinai Zanzibar, Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya 2018 ipo kwa watu kama yeye, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hata sasa ukitaka kwenda kuandikisha maelezo unaweza, ijapokuwa nakubali kwamba bila ya jina wala namba ya gari kumpata ni kazi. Na kama limetokea zito zaidi, kwako au kwa mwenzako wa dakhalia, msioge wala msifue nguo. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, muende hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja. Pale daktari, polisi na mshauri wanakaa pamoja, hamzungushwi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Waambie wenzako chumbani hata kama hawajauliza.

Kaka yako anasema mafunzo ni ya Kizungu. Muulize, kwa upole, kama amewahi kusikia darsa la vita vya Uhud. Mwaka wa 3 wa Hijra, watu walipokimbia wakamwacha Mtume (S.A.W.), miongoni mwa wachache waliosimama mbele yake alikuwa Nusayba binti Kaab, Ummu Umara. Alikuwa ametoka na kiriba chake kuwanywesha maji majeruhi, akakiweka chini akashika ngao na upanga, akapata majeraha mengi na moja baya la begani. Mtume akamsifu. Hakuna aliyemwambia nani atakuja kukuposa. Na hapa kwetu, wanaume wana kirumbizi, fimbo kwa fimbo mbele ya harusi nzima, na tunawapigia vigelegele. Wanawake walikuwa na somo na kungwi waliomkalisha mwari ndani wakamfundisha mwili wake ni wa nani na maneno ya kumtolea mtu asiye na haki nao. Sisi tumeliacha lile darasa likafa, na wasichana wetu wamebaki na simu kuwa ndiyo kungwi wao. Kaka yako ni mtu mzima mwenye duka, ataelewa akielezwa. Asipoelewa, muda wako usiumalizie kwake.

Kwa video, lakini, nipo upande wa mama yako, tena moja kwa moja. Wasichana waliofunga mlango wajifunze hawafai kupigwa picha, na aliyeiweka kwenye stetasi alikosea, hata kama alifurahi. Mwambie mwalimu simu zote zibaki nje, ziwekwe kwenye kikapu, na atakayekataa asiingie. Mwambie mama kwamba umeshalisema hilo. Mzazi akiona jambo moja alilolilalamikia limechukuliwa kwa uzito, masikio yake yanafunguka kwa jengine.

Wasichana wa Wete wasubiri kidogo, lakini usiwafute. Kwa watoto wa skuli huendi na mateke. Unakwenda kwanza kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha, unaomba kikao na kamati ya skuli, mama zao wakae wasikie kabla ya watoto. Unawafundisha sauti, unawafundisha kutembea kwa makundi ile asubuhi ya kiza, na unamtaka kila mtoto ataje kwa majina watu wazima wawili ambao ataweza kuwaambia likimpata jambo. Asiyepata wawili, huyo ndiye wa kumfuatilia. Wape na namba 116, ya msaada kwa mtoto, wanapiga bila ya malipo. Na usisahau kumwambia mwalimu mkuu kwamba wavulana nao wana somo lao la kufundishwa, tena refu zaidi. Unauliza utawafundisha nini? Mtu aliyeganda na akajua kwa nini aliganda ana la kumwambia mtoto, wala sioni nani angefaa kuliko yeye.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi.

Mama yako anabishana na teke aliloliona kwenye simu ya mtu. Hajui kuhusu daladala. Anadhani mwanawe yuko salama huko Unguja na amekwenda kutafuta mchezo wa fujo. Kwa anavyojua yeye, maneno yake yana mantiki. Wewe unamtaka akubali dawa bila ya kumwambia ugonjwa. Kwa hiyo Jumamosi hii usiende kwa kificho, hata kama wenzako watakwambia mama hataona. Uliyoyabeba kwa kificho yanatosha. Mwambie mwalimu utarudi, akuwekee nafasi, na wiki hii ndiyo utumie kusema.

Najua ni kazi ngumu kuliko kumpigia kelele mtu garini. Ukiona huwezi kuanza naye, nenda kwanza Fuoni kwa mama mdogo, umwambie ana kwa ana, usikie maneno yanavyotoka kinywani mwako mara ya kwanza. Yatatoka vipande vipande, si kitu. Mama mdogo akae nawe unapopiga simu.

Usianze na mafunzo. Anza hivi: "Mama, kuna jambo lilinipata mwezi wa pili nikaona haya kukwambia." Kisha mwambie kama ulivyoniandikia mimi, gari, mkono, bolti, ahsante. Usimpunguzie ili asiumie, na usijitie lawama ndani yake. Baadaye mwambie: "Ndiyo maana nilijiandikisha. Natamani siku nyengine sauti yangu itoke." Pengine la kwanza atakalosema ni kwamba urudi Wete. Ni hofu, usiijibu kwa ukali. Mwambie unamaliza masomo, na kwamba mkono kama ule hata gari za Wete unaweza kupanda. Mwalike akija Unguja aje akae kwenye kiti ukumbini atazame, mlango umefungwa, wanawake watupu. Akikataa hata baada ya kujua yote, una miaka 21 na uamuzi utakuwa wako, lakini uufanye mbele yake, na mama mdogo akiwa kati yenu.

Na usishangae kama naye analo la kwake. Wanawake wa umri wetu tumepanda magari mengi, tumetumwa kwenye nyumba nyingi tukiwa watoto, na wengi wetu hakuna aliyetuuliza kitu tuliporudi.

Mpigie Alkhamisi baada ya Isha, wakati cherehani imeshafunikwa. Ukimaliza kusema, atanyamaza. Huenda akanyamaza kwa muda mrefu mpaka ukadhani laini imekatika. Usikate simu, mwanangu. Mngoje.

Somo wako